Maganga Aliyeitika

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Nyalubanga tangu juzi, mliotoka Mhunze kwa lori, mliotoka Mwadui, na nyinyi majirani ambao hamkuhitaji kusafiri, familia ya marehemu Valerian Maganga inawaomba mtulie, mketi, ili mdogo wake, Mwalimu Selestine, awasomee maisha ya kaka yake, maisha ambayo sisi wenyewe bado hatujaamini kwamba yamekatika, kwa kuwa mwanzoni mwa mwezi huu wa Agosti, 1957, mtu huyu alikuwa mzima, anapima pamba, anatania watu kwenye mizani, na leo yumo ndani ya jeneza hili, na kilichomuua si maradhi wala uzee. Mjane wake, Bhoke, ameomba jambo moja tu, kwamba historia hii isemwe yote, pasipo kuruka mahali, hata pale ambapo baadhi yetu tungependa kuangalia chini.

Marehemu alizaliwa Mhunze, Kishapu, mwaka 1914, mtoto wa tatu wa Mzee Mageni, na babu yake akampa jina la Maganga, jina ambalo ukiliita kwa sauti katika gulio lolote la Usukuma watageuka watu wengi mno, na babu alijua hivyo, akasema ni jina zuri kwa sababu mwenye nalo hatakosa ndugu popote atakapokwenda. Mwaka 1925 alianza masomo katika shule ya misheni, akabatizwa Valerian siku ya Pasaka mwaka 1927, akasoma hadi darasa la sita, kisha baba yake akaugua, naye akarudi nyumbani kuchunga na kulima, hakulalamika, ila kila jioni aliwasomea wadogo zake kile alichokumbuka, na mmoja wa wadogo hao ndiye anayesoma mbele yenu leo.

Mwaka 1942 alikwenda Mwadui, kwenye machimbo ya almasi, akaajiriwa katika kazi ya kuosha kokoto, na huko ndiko alikokutana na Bhoke, binti wa Mkurya mmoja kutoka upande wa Musoma aliyekuwa mlinzi wa lango. Bhoke anasema alimpendea jambo dogo, kwamba vijana wengine wakipita langoni walimwita dada, mrembo, mchumba, kila mmoja na lake, lakini Valerian alisimama, akavua kofia, akamuuliza, "Samahani, jina lako nani? Sipendi kumwita mtu kwa jina lisilo lake." Walifunga ndoa kanisani Shinyanga tarehe 10 Juni, 1944, na Mungu akawajalia watoto watatu, Philomena aliyezaliwa 1945, Marselino 1948, na Ghati 1952, wote mnawaona hapa mbele, wamekaa karibu na mama yao.

Mwaka 1947 familia ilihamia Geita, marehemu akaingia katika mgodi wa dhahabu, akafanya kazi chini ya ardhi hadi mwaka 1950, jiwe lilipomwangukia goti la kushoto, akaacha kazi hiyo na kuomba eneo hapa Nyalubanga, pori tupu wakati ule, akafyeka, akapanda pamba, na waliokuwa majirani zake wa kwanza wanakumbuka jinsi alivyochechemea nyuma ya jembe huku akiimba. Mwaka 1952 wakulima wa hapa walimchagua mwenyekiti wa chama chao cha pamba, na mwaka 1954 wakamtuma kuwa mjumbe wao katika baraza, na tangu hapo akawa mtu wa watu, nyumba yake haikukosa mgeni, na Bhoke akajifunza kupika sufuria kubwa hata siku ambayo hakuna aliyebisha hodi.

Sasa yapo mambo ambayo lazima yaelezwe vizuri kwa wageni waliotoka mbali, ili waelewe yaliyotokea. Katika nchi yetu hii, kutoka Geita hadi Shinyanga, walikuwapo watu watatu mashuhuri wenye jina la Maganga. Wa kwanza ni huyu marehemu wetu, ambaye watu walimwita Maganga wa Pamba. Wa pili ni Bwana Salehe Maganga, mzaliwa wa Shinyanga mjini, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia Geita, naye pia mjumbe wa baraza, akaitwa Maganga wa Ng'ombe. Wa tatu ni manju, mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma, ambaye wakati wa mavuno watu hutembea mwendo mrefu kwenda kumsikiliza, huyo ndiye Maganga wa Ngoma. Walijuana wote watatu, waliitana wajina, na walipokutana walikuwa wakigombea kwa mzaha ni nani mwenye jina na ni nani aliyeazima.

Mzaha huo uliwahi kutufurahisha sana. Mwaka 1955 walifika hapa wazee waliokuja kumposa Kijakazi, binti wa Bwana Salehe, wakaulizia njiani kwa Bwana Maganga wa baraza, wakaelekezwa kwa Valerian, wakakaribishwa, wakala, wakanywa, wakamsifu sana Philomena aliyewanawisha mikono, wakati huo ana miaka kumi, hadi mshenga alipoanza kusema yaliyowaleta, ndipo Valerian alipokohoa na kusema, "Wazee wangu, binti mnayemtaka yuko ng'ambo ya pili ya mto, huyu wangu bado anacheza kombolela." Alicheka hadi akashika ukuta, kisha yeye mwenyewe, na goti lake bovu, akawapeleka hadi kwa wajina, na kwenye arusi ya Kijakazi akakaa upande wa familia. Watoto wetu walimwita Salehe baba mkubwa. Hatukuwa na uadui na mtu huyu, hilo lazima lieleweke.

Mwezi wa Mei mwaka huu lililetwa barazani agizo la kupunguza ng'ombe, kwamba kila mwenye kundi atoe sehemu ya mifugo yake iuzwe, kwa maelezo kuwa malisho yamechoka. Marehemu alisimama akalipinga, akasema ng'ombe wa Msukuma si mzigo wa kupunguzwa kama kuni, ndiye mahari, ndiye dawa ya njaa, ndiye msiba na ndiye arusi. Bwana Salehe alisimama akaliunga mkono, na kwa uadilifu tunasema hapa kwamba hakufanya kwa kununuliwa, alidhani watakaoguswa ni wenye makundi makubwa, wala hakufikiri kwamba mjane mwenye ng'ombe watatu atanyang'anywa mmoja. Agizo lilipita. Tarishi aliyetumwa kulitangaza magulioni alisema kwamba wajumbe wamekubali, na alipoulizwa ni wajumbe gani, akataja majina aliyoyakumbuka, na mojawapo akasema, "Maganga." Hakusema zaidi ya hapo. Na Maganga wa Ngoma, ambaye alijua vizuri ni nani aliyekubali, akatunga wimbo mkali juu ya wajina wake Salehe, lakini ndani ya wimbo jina la Salehe halikuingia, halikufuata mapigo ya ngoma, likaingia Maganga peke yake, Maganga katufunga kamba, Maganga kauza ng'ombe wa mama, na kabla ya mwezi wa Julai kwisha wimbo ule ulikuwa unaimbwa na watu ambao hawajawahi kumwona Maganga yeyote.

Bhoke aliusikia kwa mara ya kwanza kisimani. Wanawake waliokuwa wakiimba walinyamaza alipofika. Alirudi nyumbani bila kujaza mtungi, akamkuta mumewe anashona magunia, akamwambia, "Baba Philomena, watu wanakuimba wewe."

"Wanamwimba wajina," alimjibu.

"Wao hawajui kuna wajina. Ondoka uende magulioni, simama useme si wewe."

Valerian aliweka sindano chini. "Nikisema si mimi, wataniuliza basi ni nani. Nitawatajia mwenzangu? Ana nyumba kama mimi, ana watoto kama mimi. Watu wamekasirika, mama, nikimtaja leo, kesho hana paa. Baraza linakaa mwishoni mwa Agosti, huko yatasemwa mbele ya kila mtu, kila mjumbe kwa mdomo wake."

"Na kabla ya huo mwisho wa Agosti?"

"Hawa ni watu wangu, Bhoke. Nawapimia pamba yao. Wananijua."

Hayo ndiyo maneno aliyosema, wananijua, na Bhoke ametuambia kwamba aliyaamini, kwa sababu na yeye aliwajua. Hata hivyo Bhoke alimtuma mtu kwa Bwana Salehe amwombe aje aseme mwenyewe, mtu akarudi na habari kwamba Bwana Salehe ameondoka, yuko Shinyanga kwa dada yake Mwamvua, hajulikani atarudi lini.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti, ilikuwa siku ya gulio la pamba. Marehemu aliamka mapema kama kawaida yake, akanywa uji, akamwambia Ghati amletee kofia, akaenda. Bhoke alimfuata baadaye pamoja na wanawake wengine waliobeba pamba yao, na ilikuwa kabla ya adhuhuri, jua limesimama, mizani inafanya kazi, watu wamepanga foleni wanazungumza habari za mvua, waliposikia wimbo unakuja. Walikuwa wanaume wa vijiji vya mbali vya upande wa pili wa mto, ambao asubuhi ile ile ng'ombe wao walikuwa wamehesabiwa na kuswagwa, wameshika fimbo, wengine wanalia machozi ya kweli, na walipofika gulioni baadhi ya watu wa foleni waliacha pamba yao wakaungana nao. Tunalisema hili kwa sababu Bhoke ameomba lisemwe. Si wote waliotoka ng'ambo ya mto.

Valerian alipanda juu ya gunia ili aonekane, akanyoosha mikono yote miwili kama anavyofanya akifungua mkutano, akasema, "Jamani, kaeni chini, tuzungumze."

Mmoja akauliza, "Wewe ndiye Maganga?"

"Ndiye mimi."

"Maganga wa baraza?"

"Na barazani nimo."

"Ulikuwapo siku walipokubali?"

"Nilikuwapo, lakini ngojeni niwaeleze..."

Kila neno alilosema lilikuwa la kweli, na kwa kila neno la kweli walisogea karibu zaidi, na maelezo yake hayakusikika tena, kwa sababu jiwe la kwanza lilimpiga mdomoni. Bhoke alidondosha furushi lake akakimbilia katikati, akipiga kelele, "Si yeye! Si yeye jamani! Huyu wa Pamba!" lakini sauti yake ilimezwa na wimbo, na waliomsikia walidhani ni mke anamtetea mumewe kama mke yeyote angefanya. Anasema jambo ambalo halimtoki si damu, ni kwamba katika ile mikono aliona mkono anaoufahamu, mkono wa mtu aliyewahi kuja kwake kuomba chumvi, na mtu yule alimwona, wakatazamana, na mkono haukusimama. Kisha ghafla wakatawanyika, wakabaki wanawake, na pamba nyeupe iliyomwagika, na Valerian amelala juu yake.

Alipelekwa hospitali kwa lori la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapita, ambaye hatukumjua jina na hakungoja kushukuriwa. Daktari na wasaidizi wake walifanya kila lililowezekana, lakini mbavu zilikuwa zimevunjika na ndani kumeharibika. Siku ya pili alipata fahamu, akamtazama mkewe, akasema kwa shida, "Waliniuliza jina tu, nami nikaitika." Bhoke alimkataza asiseme. Lakini yeye akauliza tena, "Yule wajina, wamemfanya nini?"

"Unamuulizia yeye?" Bhoke alisema, na anakiri kwamba hasira ilimpanda hadi akasimama. "Umelala hapa kwa ajili yake, unamuulizia yeye?"

"Wasimfanye kitu. Mama Philomena, waambie wasimfanye kitu."

Maganga wa Ngoma alifika hospitali siku iliyofuata, akakaa chini nje ya mlango, mtu ambaye kila mahali akifika hupewa kiti, na Bhoke alipotoka, akamwambia, "Shemeji, nilimwimba yule mwingine, Mungu anajua, sikumwimba huyu." Bhoke akamjibu, "Uliimba Maganga," akampita.

Marehemu alipewa sakramenti na Padri, akaaga watoto wake mmoja mmoja, akamshika Marselino kichwani kwa muda mrefu, na tarehe 15 Agosti, 1957, siku ya Alhamisi, jioni, akakata roho, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Yanayofuata hayakuwamo katika historia iliyoandaliwa jana, yameongezwa leo kwa matakwa ya mjane, ingawa wengi wenu mmeyaona kwa macho. Asubuhi hii, watu wakichimba kaburi, Bwana Salehe Maganga aliingia kwa miguu kupitia njia ya mtoni, peke yake, mavumbi hadi magotini, na vijana waliokuwa kaburini walipomtambua walipanda juu wakiwa na majembe na sururu mikononi, na wazee tuliokuwa tumekaa, tuseme ukweli, hatukuinuka. Aliyeinuka ni Bhoke. Alitoka ndani ambako mjane hapaswi kutoka, kanga imemdondoka begani, akapita katikati ya majembe, akamshika mkono mtu yule ambaye kwa siku zote hizi alikuwa akimlaani moyoni, akasimama naye.

"Huyu naye anaitwa Maganga," aliwaambia. "Mnataka wangapi?"

Majembe hayakushuka.

"Nimewauliza. Mnataka wangapi?"

Ndipo Salehe alipozungumza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana hivi kwamba waliokuwa nyuma walilazimika kuambiwa na waliokuwa mbele. Alisema, "Mimi ndiye niliyekubali. Wajina alikataa, alisimama akakataa, mimi nikasimama nikakubali. Nikasikia wimbo, nikajua ni wangu, nikaenda kujificha kwa dada yangu. Nilidhani utapita."

Bhoke aliuachia mkono wake. Watu wote walisikia alivyomwambia, "Ungesema hivi siku ile gulioni." Kisha akaonyesha mkeka wa familia, akasema, "Kaa pale." Hakusema amemsamehe, na sisi hatutasema kwa niaba yake kile ambacho hakukisema. Bwana Salehe alikaa, na hadi sasa amekaa palepale, kando ya watoto.

Kilichofuata ndicho kilichotushtua kuliko vyote. Mmoja wa wale vijana alidondosha sururu, akakaa kwenye udongo, akaanza kulia kama mtoto, akisema hakujua, hakujua, na mwingine akafuata, na tukatambua, kwa kuwatazama tu, kwamba waliokuwa wakichimba kaburi la Valerian tangu alfajiri, kwa hiari yao, bila kuitwa, wengi wao walikuwapo gulioni siku ile. Wazee waliuliza kama wabadilishwe, wachimbe wengine. Bhoke aliwatazama mmoja mmoja. Akasema, "Wamalize."

Na wamemaliza.

Familia inatoa shukrani kwa daktari na wauguzi waliokesha naye, kwa Padri na wanajumuiya, kwa mwenye lori, popote alipo, kwa wenzake wa zamani wa Mwadui na wa mgodini Geita waliofika wakiwa bado na nguo za kazi, kwa wanachama wa chama cha pamba, kwa wajumbe wenzake wa baraza, ambao tunawaomba watakapokaa mwishoni mwa mwezi huu wafungue midomo yao kila mtu kwa zamu yake. Tunawashukuru pia majirani. Tumejadiliana sana nyumbani jinsi ya kuwashukuru majirani, kwa maana wapo waliomwinua marehemu kutoka chini na wapo waliomwangusha, na wote mmeleta maji, mmeleta kuni, mmeleta unga, na hatuna namna ya kutenganisha kuni za huyu na kuni za yule, zimekwisha kuwaka pamoja na tumekwisha kula. Asanteni.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, mama mzazi aliyeko Mhunze, ambaye hadi tulipoondoka alikuwa akisema wamekosea, aliyekufa ni Maganga mwingine, na wadogo zake, na hatukuwa na moyo wa kumbishia mama.

Kaka Valerian, umepumzika, lala salama, sisi tutabaki hapa na watu hawa, kwa kuwa ndio watu wetu. Vijana, inukeni, mchukueni.